Nani hajafika nyumbani?

Mhariri, habari za kazi. Swali lenu la wiki hii nimelisoma jana usiku nikalala nalo: "Utani wa wananchi mitandaoni kuhusu siasa na usalama, uachwe au ukomeshwe?" Nilitaka kuwajibu mstari mmoja tu, ukomeshwe, tena haraka, nikalale. Imeshindikana. Kuna kitu kimenikaa kifuani toka 2015 na hili swali limekigusa palepale, kwa hiyo mnivumilie, na mkitaka kupunguza punguzeni kwingine ila habari ya mdogo wangu msiiguse.

Nianze na siasa niimalize. Kwenye siasa mi sina neno, waacheni watu wataniane. Mtu hana kitu mfukoni, mwenye nyumba kashagonga mara mbili, unataka asemeje? Ile 2016, 2017 tukapata "vyuma vimekaza", na ukiandika hivyo kwenye grupu kila mtu kakuelewa, hakuna anayekuhoji kwani kazini vipi, hujaomba, hujalia, mwenzio anajibu huku kwetu vimeshika na kutu, basi mmepeana pole na heshima yako iko palepale. Tozo za miamala ya simu zilivyoanza Julai 2021 ilikuwa hivyohivyo, watu walicheka huku wanaumia, na mwaka huohuo makato yakapunguzwa, sisemi ni utani peke yake uliofanya ila haukukaa bure. Hata neno chawa, kwa hawa wanaosifia viongozi asubuhi mpaka jioni, kuna kikao kilikaa kulitunga? Ni raia tu. Huko sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko kwenye usalama.

Watu wa Dar wote mnaikumbuka Ijumaa ile, tarehe 2 Januari 2015. Panya Road, lile kundi la vijana waporaji. Walikuwa wametoka kumzika mwenzao na jioni hiyo wakaanza fujo, na kuna watu waliporwa kweli, hilo sibishi. Ila kilichofanya jiji likimbie vile sio wale vijana, hawakuwa wengi kiasi cha kuwa Sinza, Tabata na Buguruni kwa saa moja. Zilikuwa simu zetu. Maduka yalifungwa bado kuna mwanga, watu wanakimbia na viatu mkononi, ukimuuliza anakimbia nini anakwambia wanakuja, ukiuliza umewaona hakujibu maana keshapita.

Mi nilikuwa Manzese nyumbani, nimekaa kibarazani, simu ina chaji na bando nimejiunga la wiki. Grupu letu la mtaani likawaka kuanzia saa kumi na mbili. Huyu anasema wako Magomeni, huyu wako Sinza, mwingine akarusha sauti ya mama analia, sijui ilirekodiwa wapi wala lini. Halafu utani ukaanza, na niseme ukweli, utani ule ulileta nafuu, maana hofu ilikuwa imetukaba koo na ukicheka kidogo unapata pumzi. Na mimi nikaandika. Maneno yangu nayakumbuka kama jina langu: "Wamefika Tip Top wanagonga nyumba kwa nyumba, wanauliza nani ana paka." Tip Top ni kituo cha daladala hapahapa kwetu Manzese, na paka mnajua anawafanya nini panya. Nikaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, vitatu. Watu walicheka sana. Nikajisikia vizuri sana.

Sasa kuna mtu aliichukua ile meseji akaipeleka kwingine, labda aliona habari ya paka ni ndefu, akaikata. Ikabaki wamefika Tip Top wanagonga nyumba kwa nyumba. Kicheko kikadondoka njiani, taarifa ikaendelea na safari. Sijui ni nani na sijui ilipita magrupu mangapi, ninachojua saa moja na dakika zake ilinirudia mimi mwenyewe kwenye grupu la kwaya, juu yake wameandika kwa herufi kubwa TAARIFA KUTOKA KWA NDUGU YANGU ASKARI, na mimi nikaisoma nikaogopa. Nikageuka kuangalia geti. Ilipita kama sekunde mbili hivi ndo nikaona kwamba yale "nyumba kwa nyumba" ni maneno yangu.

Nikarudi kwenye grupu letu nikaandika jamani ile ya Tip Top ilikuwa utani. Hakuna aliyejibu. Meseji zilikuwa zinashuka kama maji, ya kwangu ilipotea juu huko ndani ya dakika moja. Kwenye kwaya sikuandika kitu, niliona aibu, na hili ndilo linaloniuma kuliko hata kuandika kwenyewe.

Mdogo wangu muda huo alikuwa ndani ya daladala anarudi kutoka Kariakoo, alikuwa anauza vitenge kwenye duka la mtu. Gari limejaa, barabara ya Morogoro enzi hizo njia ya mabasi ya mwendokasi bado inajengwa, pembeni mitaro na vifusi, foleni haisogei. Walivyofika Magomeni Usalama dada mmoja siti ya mbele akasoma kwa sauti, wamefika Tip Top wanagonga nyumba kwa nyumba. Gari zima likaanza shusha, konda shusha, na konda naye kaogopa kafungua mlango, watu wakamwagika barabarani gizani. Mdogo wangu akakimbia na waliokimbia. Hakuuona mtaro. Aliangukia mkono wa kulia, anasema alisikia kabisa kitu kimelia ndani ya mkono ila hakuhisi maumivu mpaka baadaye, akanyanyuka akakimbia tena na kiatu kimoja. Kuna mama alifungua geti lake akawa anawavuta watu, ingieni, ingieni wanangu nafunga. Wakalala pale watu tisa kwenye mkeka, hawajuani. Yule mama alimfunga mkono na khanga yake na hakutaka irudishwe.

Simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Mi huku napiga naambiwa namba haipatikani, napiga naambiwa haipatikani. Mama yetu yuko Kilosa, naye kasikia, anapiga kila baada ya dakika tano, kafika? Namwambia bado mama, ni foleni tu. Mara ya nne nikamdanganya kafika amelala. Kwenda kumtafuta sikwenda, niliogopa kutoka, japo mi ndo nilikuwa najua kwa uhakika kwamba pale Tip Top hakuna aliyegonga nyumba ya mtu.

Asubuhi akaja kwa miguu, mkono uko kifuani umefungwa khanga, umevimba. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Kaka, tumesomewa kwenye gari wamefika Tip Top, hapa kwetu wamegonga?" Nikamwambia hapana, hapa hawajagonga. Akasema afadhali. Basi. Nikampeleka hospitali, mfupa wa kiwiko cha mkono umevunjika, akafungwa plasta ngumu (POP) wiki sita, na majora ya vitenge hayanyanyuliwi kwa mkono mmoja, tajiri wake hakumsubiri.

Najua mmeniuliza kuhusu wananchi na mimi nawajibu kuhusu nyumba yetu. Ila mi siwezi kulijibu hili swali bila ule mkono.

Septemba mwaka huohuo Sheria ya Makosa ya Mtandao ikaanza kutumika. Miezi minane tu baada ya meseji yangu. Ukisambaza taarifa za uongo ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Najua sheria inazungumzia mtu anayejua ni uongo na mwenye nia ya kupotosha umma, na mimi nia hiyo sikuwa nayo, ila kaanze kumweleza hayo askari saa mbili usiku. Kwa hiyo kwa muda mrefu mi nilikuwa mtu wa kuiunga mkono sheria ile, wenzangu wakiilalamikia nawaambia nyie hamjui. Halafu 2016 kuna mtu Arusha akahukumiwa milioni 7 au miaka 3 kwa kumtukana Rais Facebook, hapo nikaanza kujiuliza, hii sheria imekuja kwa ajili ya mkono wa mdogo wangu au kwa ajili ya nini. Sikupata jibu zuri.

Ila kwenye utani wa hofu niliendelea kukaza. 2017 lilivyokuja lile la "watu wasiojulikana", jina walilopewa wanaoteka na kushambulia watu, nilikuwa nagombana na watu. Mbunge wa upinzani Tundu Lissu kapigwa risasi Dodoma Septemba, Novemba mwandishi Azory Gwanda kachukuliwa Kibiti hadi leo hajaonekana, na huku kwenye grupu mtu sukari imeisha nyumbani anaandika imeibwa na watu wasiojulikana. Nikawa nauliza, mke wa Azory akiisoma hii? Wananiambia kaka umezidi kuwa serious, ni utani tu. Utani gani? Sisi tunaujua utani, Mzaramo na mtani wake Msukuma au Mnyamwezi, mtani anakuja msibani anawacheka wafiwa, anamwigiza marehemu, anadai apewe hela ndo jeneza litoke, na watu wanacheka na machozi. Lakini yule mtani yupo pale! Ana jina, wamemuona akifika, atashika chepe kaburini na atakula ubwabwa na wafiwa, na akivuka mpaka kuna mzee wa kumwambia sasa inatosha mtani. Wa kwenye simu utamwambia nani? Hata mimi hakuna aliyekuja kuniambia.

Hapo ndipo nilipokuwa na msimamo, na nilivyoanza kuandika jana nilikuwa nao bado. Nilivyofika hapa nikakumbuka mambo mawili ambayo yameniharibia.

La kwanza, nilikuja kumwambia. Ilikuwa 2018, usiku, tuko jikoni tunamenya vitunguu vya sendofu yake, nikamwambia yote, paka, vikatuni, kwaya. Hakusema kitu muda mrefu, anamenya tu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo paka ulimpata?" Akachukua beseni akatoka. Mpaka leo sijui usiku ule alikuwa amenisamehe au la. Ila toka siku hiyo mi kwake naitwa Paka, hata mbele ya shemeji, na mtu mwingine akiniita hivyo anamkatalia, anasema hilo ni langu.

La pili ni Oktoba mwaka jana, 2025. Tarehe 29, siku ya kura, kukazuka vurugu, intaneti ikazimwa, na jioni hapa Dar ikatangazwa mwisho wa kuwa nje saa kumi na mbili. Grupu letu lilibaki na meseji ya mwisho ya asubuhi, mtu kaweka picha ya kidole chenye wino. Baada ya hapo kimya. Miaka kumi nilikuwa nataka watu wanyamaze saa za hatari, basi wakawa wamenyamaza wote, na nawaambieni sijawahi kuogopa vile. Uvumi haukuisha, ulitembea kwa midomo ukutani kwa jirani, ila sasa hakuna wa kumuuliza wewe uko wapi, umeona kwa macho? Nilikuwa nafungua grupu mara hamsini kwa siku naangalia kile kidole. Mdogo wangu yuko Kimara na watoto wawili. Simu ya kawaida ilipita mara moja, nikasikia "tupo" ikakatika. Siku zile angetokea mtu akaandika ujinga wowote, wa panya, wa paka, ningemshukuru, maana ningejua angalau yupo mtu anayepumua upande wa pili.

Intaneti ilivyorudi wiki iliyofuata simu ikaanza kutetemeka mezani, meseji zinaingia juu ya meseji, nikatafuta ya kwake. Ameandika: "Paka, sisi wazima. Huko kwenu wamegonga?"

Nilikaa chini. Wapo waliosubiri meseji kama ile haikuja, na haitakuja, nawapa pole na nalijua hilo wakati naandika haya.

Kwa hiyo mhariri jibu langu limekuwa hapana, usikomeshwe, na nashangaa mwenyewe. Ila jamani, jina la kituo, jina la mtaa, "wamefika" na "wanakuja", hayo msiyatanie kama kuna mtu bado yuko barabarani, na aliyeumia akianza kutania mwacheni aanze yeye, na ukipeleka mbele utani wa mtu upeleke wote na kicheko chake, usikate. Hata hilo nalisema kwa woga kidogo kwa sababu najua kuna mkubwa atalisoma aseme ahaa, hata wananchi wenyewe wanataka kudhibitiwa. Sijasema hivyo. Nimesema sisi kwa sisi.

Saa hizi ni saa tatu usiku, umeme umekatika huku na grupu la familia limechangamka, shemeji kaanza kuhusu transfoma na wengine wamedakia, kuna moja nzuri sana ninayo. Mdogo wangu siku hizi anafanya kazi Posta, zamu ya jioni, yuko kwenye mwendokasi anarudi. Nimeuliza kwenye grupu nani hajafika nyumbani. Nasubiri aandike.