Vyuma vya kinga kwa pikipiki ya safari: kipi kinunuliwe kwanza?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina pikipiki aina ya Suzuki V-Strom 650 niliyoinunua ikiwa imetumika, nami nakusudia kuiendesha kutoka Arusha hadi Ziwa Natron kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka. Muuzaji wa vipuri ananishauri nifunge kinga zote: bamba la chini ya injini, vyuma vya ubavuni, kinga za mikono, wavu wa rejeta na wavu wa taa. Rafiki yangu anasema hayo ni mapambo yanayoongeza uzito bure. Nimsikilize nani? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, kwa lami tupu ningekubaliana na rafiki yako kwa sehemu kubwa, lakini kwa njia uliyoitaja bamba la chini na kinga za mikono ni vitu vya lazima.

Katika V-Strom 650, filta ya oili na mabomba ya moshi vimekaa mbele ya injini, nyuma tu ya gurudumu la mbele, na kifuniko cha plastiki kinachokuja na baadhi ya matoleo hakina nguvu ya kuzuia jiwe linalorushwa na tairi hilo. Filta ikitobolewa huko Ngare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, oili itamwagika yote kwa muda mfupi, na injini ikiendelea kuzunguka bila oili itakufa mbali na fundi yeyote. Bamba la alumini lenye unene wa milimita 4 linatosha. La chuma ni imara zaidi, ila linaongeza mzigo kwa pikipiki ambayo tayari inazidi kilo 200. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba lina tundu la kufikia nati ya kumwagia oili, na kwamba sehemu yake ya mbele inapanda hadi kuifunika filta, kwani yako mabamba yanayoishia chini yake na kuacha wazi kile kile ulichotaka kukilinda.

Kinga za mikono zinafaa endapo zina uti wa alumini uliofungwa kwenye ncha ya usukani na tena karibu na katikati yake. Za plastiki tupu huzuia upepo na matawi, lakini pikipiki ikilala, mkono wa klachi utavunjika kana kwamba hazikuwapo.

Vyuma vya ubavuni vinahitaji kufikiriwa zaidi. Pikipiki ndefu namna hii huanguka mara nyingi ikiwa inatambaa au imesimama kabisa, na hapo vyuma vizuri huokoa rejeta na kava za injini. Hata hivyo, vikishikwa na bolti chache kwenye injini peke yake, kishindo chote huishia kwenye masikio ya injini, yaani sehemu zake zinazoshika bolti hizo, ambayo yakipasuka matengenezo yake yatakugharimu kuliko kava ulilookoa. Tafuta vinavyoshika fremu katika sehemu kadhaa, vikiwa na kiungo kati ya upande wa kulia na wa kushoto.

Nakusihi pia usivinunue kwa kudhani vitalinda miguu yako. Ripoti ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, iliyotolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ilionyesha kwamba vyuma hivyo vilipunguza majeraha ya kifundo na wayo, lakini nafuu hiyo ilifutwa na ongezeko la majeraha ya paja, goti na muundi. Kama fedha haitoshi kununua vyuma hivyo pamoja na buti ndefu ngumu, nunua buti.

Wavu wa rejeta ni wa bei nafuu na unafaa, mradi uusafishe kila unapopita kwenye tope. Wavu wa taa unaweza kusubiri.

Baada ya siku ya kwanza ya barabara ya mawe, kaza upya kila bolti ya kinga hizi, maana mtikisiko huzilegeza, na bamba lililolegea linaweza kung'oka ukiwa mwendoni.