Hesabu imo ndani ya nodi, na nodi imeshafutwa

SWALI: Nimeandika kwa C++ staki (rundo la data ambamo kilichoingia mwisho hutoka kwanza) isiyotumia kufuli, yaani thredi, mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, hazizuiani. Kila nodi (kipande kimoja cha staki) ina kaunta ya atomiki, isiyokatizwa katikati ya kubadilishwa: thredi husoma pointa ya kichwa (anwani ya nodi ya juu), huongeza kaunta kwa 1, huipunguza imalizapo, na anayeifikisha 0 huifuta nodi. Kwa thredi 2 haijanisumbua, ila kwa thredi 8 programu huanguka. Nimeweka sharti kwamba kaunta ikiwa 0 isiongezwe, lakini wapi! Nimekosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Tatizo limo katika mwanya kati ya kusoma pointa na kuongeza kaunta. Thredi A imesoma anwani ya nodi, ikasimamishwa na mfumo. B ikaitoa nodi hiyohiyo, kaunta ikafika 0, kumbukumbu ikarudishwa. A ikiamka inaongeza 1 mahali pasipo pake. Sharti lako haliokoi kitu, kwa sababu hiyo 0 unaisoma ndani ya nodi iliyokwisha kufutwa.

Igawe hesabu. Kaunta ya nje ikae na pointa ya kichwa katika muundo mmoja wa baiti 16, ikianza na 1 kwa ajili ya kichwa chenyewe. Ya ndani ibaki kwenye nodi, ikianza na 0. Kabla ya kuigusa nodi, kila thredi iongeze ile ya nje kwa kulinganisha-na-kubadilisha (compare-and-swap: andika thamani mpya ikiwa tu ya zamani haijabadilika), pointa na kaunta kwa pigo moja.

Tuseme aliyefaulu kuiondoa nodi kichwani amekuta kaunta ya nje ni 4. Atoe 2, ya kichwa na yake. Zilizobaki 2 azijumlishe kwenye ya ndani. Kila aliyeshindwa kuiondoa hupunguza 1 kwenye hiyo ya ndani ndipo ajaribu upya. Wakimtangulia, ya ndani itasoma -2, nayo ni halali, hivyo itumie aina ya namba inayokubali hasi. Ambaye hesabu yake imeishia 0 ndiye anayefuta. Mshindi achukue data kabla ya kujumlisha, maana baada ya hapo mwingine anaweza kuifuta nodi.

Kupunguza na kujumlisha kuwe kwa memory_order_release, na kabla ya kufuta pawe na acquire; jozi hii huhakikisha anayefuta anaona kazi za wenzake zimekwisha. Muundo ule uanzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 16; kwenye prosesa za x86-64 amri ya cmpxchg16b, inayolinganisha na kubadilisha baiti 16, huikataa nyingine. Angalia pia is_lock_free, inayoeleza kama muundo haufungwi kwa kufuli: ikijibu hapana, huenda maktaba inatumia kufuli kimyakimya.

Kulishika kosa la sasa, weka sched_yield (thredi iachie nyingine zamu) kati ya mstari wa kusoma pointa na ule wa kuongeza kaunta, kisha kompaili kwa -fsanitize=address, inayokamata matumizi ya kumbukumbu iliyofutwa. Usitegemee kuchapisha ujumbe kwa printf, kwani hubadilisha mwendo wa thredi na kosa likajificha.