Muulize Anti: Picha ya ziwa laki na themanini, nalipia nini hasa?

Anti shikamoo. Niko Nyegezi, ndo nimehamia kwangu mwezi uliopita na ukuta wa sebuleni uko mtupu. Kuna kijana mpiga picha hapa Mwanza anafanya kazi zake mwenyewe, hana studio, ana picha moja ya mitumbwi ya dagaa usiku taa zimewaka ziwani, nimeipenda sana. Anaiuza laki moja na themanini bila fremu, saizi ya A2, anasema ni karatasi ya pamba na atatoa nakala kumi na tano tu basi. Shemeji yangu anasema naibiwa, eti mjini wanakuprintia saizi hiyohiyo kwa elfu kumi na tano. Je nimwombe tu anirushie faili niprinti mwenyewe? Na nikiamua kununua niangalie nini?
Msomaji, Nyegezi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nyumba. Shemeji yako hajakudanganya, bei ya elfu kumi na tano ipo, ila yeye anaongelea kitu kimoja na wewe unataka kingine. Kule mjini wanaprinti mabango, kalenda, picha za harusi, kazi ya kukaa miezi kadhaa ikishapauka unaitoa, na kazi hiyo wanaiweza vizuri tu. Kijana wako, kama anayosema ni kweli, anatumia wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba, na hapo ndo hela inakoenda. Wino wa printa nyingi za bei rahisi ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, jua na hewa vinaila mapema, baada ya muda unakuta nyekundu imekimbia na picha yote imebaki kama imefuliwa. Pigmenti ni chembe ndogo sana za rangi ambazo haziyeyuki, zinakaa kwenye karatasi na zinavumilia mwanga makumi ya miaka ukiitunza picha. Na karatasi nyingi zinatokana na mbao, zile za bei rahisi bado zina lignini ndani yake, kile kitu kinachoupa mti ugumu, ndo maana gazeti likikaa dirishani siku chache tu linageuka njano, ya pamba haina hiyo kitu. Kwa hiyo muulize kwa majina kabisa, wino gani, karatasi gani, na nani anaprinti, yeye au anapeleka Dar au Nairobi. Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Akianza kuzungukazunguka, subiri kwanza.

Faili usimwombe, nakusihi. Kwanza picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, ukiiprinti A2 itatoka chenga tupu. A2 ni sentimita 42 kwa 59.4, ukitaka ile safi ya nukta 300 kwa inchi unahitaji karibu megapikseli 35, yaani nukta milioni 35, kamera nyingi nzuri ni 24 na bado zinatoa A2 ya kupendeza kwa sababu picha ya ukutani hatuiangalii kwa pua, lakini hiyo ni faili nzima kutoka kwenye kamera, sio iliyopita kwenye simu tatu. La pili ni kubwa zaidi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki vizuri, maana yake huyo kijana hakuamka tu akapiga, alisubiri giza la mwezi, akaomba wavuvi wamchukue, akakaa kwenye mtumbwi unaoyumba wakati picha ya usiku inataka kamera ifungue muda mrefu bila kutikisika. Ngapi zilitoka zimevurugika mpaka hiyo moja ikapatikana? Halafu akakaa na kompyuta kuipanga ili giza la kwenye skrini litoke vilevile kwenye ile karatasi, akaprinti za kujaribia akatupa. Ukichukua faili ukapeleka kwenye mashine ya mabango, yote hayo umeyaacha nyuma.

Sasa cha kuangalia. Sisitiza akuonyeshe printi yenyewe, sio kwenye simu. Simu ina mwanga wake, kila kitu kinang'aa humo, karatasi inategemea mwanga wa chumba. Ipeleke karibu na dirisha mchana, usiiweke juani, kisha iinamishe taratibu huku na huku. Kwenye picha ya usiku angalia weusi kwanza. Printi nzuri weusi wake sio ukuta mmoja, ukitulia unaona ubavu wa mtumbwi, unaona kamba ya wavu, unaona bega la mvuvi aliyekaa nyuma ya taa, vyote viko gizani lakini vipo. Halafu angalia pale mwanga wa taa unapoishia kwenye maji. Unatakiwa ufifie polepole mpaka giza, ukiona umekatikakatika kwa ngazi, duara ndani ya duara, hiyo printi ina tatizo au faili lake limechoka. Mwisho pitisha macho pembeni kama kuna mikunjo au alama za vidole.

Kuhusu hizo kumi na tano, muulize kumi na tano za nini, za A2 tu au za saizi zote? Wengi wanahesabu kila saizi kivyake na wanajibakizia nakala chache za kwao nje ya hesabu, hilo sio kosa mradi akuambie. Picha inaweza kuprintiwa milele, kinachoizuia ni neno lake tu, kwa hiyo neno hilo liwe kwenye maandishi. Aandike kwa penseli chini ya picha kwenye ule ukingo mweupe, namba mfano 4/15, na sahihi yake, akupe na karatasi inayotaja jina la picha, mwaka, aina ya karatasi na wino, na idadi ya nakala. Mwaka 2011 picha ya Andreas Gursky ya mto Rhine iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3 na nakala zake zilikuwa sita tu, watu wakisikia hivyo wanadhani kila picha yenye namba ni akiba ya benki. Sio hivyo. Nunua kwa sababu unataka kuiona kila siku.

Na bei usimkandamize mwanangu. Kama laki na themanini ni nzito, muulize kama ana A3, au mlipane mara mbili, nusu sasa hivi aprinti na nusu siku unayoipokea ukishaikagua. Hao vijana wanaonunua karatasi kwa hela yao wenyewe ndo wanatutunzia sura ya ziwa letu, na wengi wanaacha kwa sababu kila mtu anataka atumiwe bure.

Anti za kazi? Mimi ninazo mbili tayari nilizinunua kwa mpiga picha wa Ukerewe, zimekuja zimeviringishwa kwenye bomba. Fundi fremu anataka azigundishe kwenye plaiwudi, apige laminesheni halafu kioo juu. Tunakaa Igombe karibu kabisa na maji, ukuta masika unatoa unyevu. Nimruhusu?
Dada wa Igombe

Nzuri dada yangu. Hapana, mzuie leo hiihii. Gundi ikishaingia kwenye karatasi ya pamba haitoki tena, na laminesheni inaua ule uso wa karatasi uliolipia. Mwambie akate kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha katikati, ile inayozunguka picha, kazi yake sio urembo tu, inaitenga picha na kioo. Bila hiyo unyevu wa Igombe utaigandisha picha kwenye kioo na siku ukitaka kuitoa rangi itabaki kwenye kioo. Picha ishikwe kwa vipande viwili vya tepu ya karatasi upande wa juu tu, chini iachwe huru, maana karatasi inatanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, ukiibana pande zote itajikunja mawimbi.

Kabla ya kuipeleka kwa fundi itoe kwenye bomba, ilaze juu ya meza safi na karatasi nyeupe juu yake na kitu kizito kiasi, iache siku kadhaa ijinyooshe yenyewe, usiikunje kinyume. Mikono iwe mikavu, shika pembeni. Nyuma ya fremu azibe kwa tepu pande zote, unawajua wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu, wanapita popote na wakifia ndani ya kioo utawaangalia kila siku. Gundisha vipande vya mpira au vya koki ya kuzibia chupa kwenye kona za chini ili fremu isigusane na ukuta, hewa ipite. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaolowa wala unaopigwa na jua la jioni, na jikoni penye moshi wa mkaa usithubutu.

Habari za kazi mwanangu. Nina gesti Kirumba, nilinunua picha kubwa ya jiwe la Bismarck ipo mapokezi na wageni wanaipenda. Sasa nataka niiweke kwenye vipeperushi, vikombe na ukurasa wa gesti. Mpiga picha anasema nimlipe tena. Si nilishainunua?
Mzee wa Kirumba

Shikamoo mzee wangu. Karatasi ni yako, unaweza kuitundika, kumzawadia mtu au kuiuza. Haki ya kutoa nakala imebaki kwake, ndivyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavyomlinda, na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa mambo hayo, wanaweza kukueleza vizuri. Kwa hiyo mapokezi hakuna shida, lakini vipeperushi, vikombe na matangazo ni nakala, hata ukiipiga kwa simu ukaiweka kwenye ukurasa kutafutia wateja. Kijana hakukosea kudai.

Kaa naye muandikiane, vipeperushi vingapi, vikombe vingapi, kwa muda gani, na jina lake liandikwe pembeni. Bei ya ruhusa ya mwaka mmoja kwa gesti moja mnaweza kuelewana, na wengine wanakubali kulipwa kidogo wakipewa na nafasi ya kuuza printi zao hapo mapokezi, mpendekezee hilo. Mkishindwana kabisa, jiwe lenyewe ni la wote, mwite mpiga picha mwingine akupigie ya kwako, ila haki za matumizi mkubaliane kwa maandishi kabla hajatoa kamera kwenye begi.