Wadogo zangu wa mradi, hebu wekeni kalamu chini

Jumamosi nimewaona Kisauni, hapa Mombasa, kwenye kikundi chetu cha watoto waliopewa walezi na serikali. Mtoto hajamaliza hata soda, mshamwekea SDQ mbele, ile fomu ya kupima hisia na tabia za mtoto, maswali 25. Halafu mnaniuliza mbona wiki ya pili ukumbi mtupu.

1. Msimhoji. Mtoto aliye kwa walezi keshasimulia kituoni, kwa afisa wa watoto, kortini Tononoka, kwa mlezi wa kwanza na wa pili. Nyinyi ni wageni wengine tu wenye daftari. Isitoshe, kazi yetu ni kinga: ajue kuitaja hasira yake na kuomba msaada kabla mambo hayajaharibika. Chezeni naye kwanza, fomu haina miguu.

2. Mlezi kabla ya mtoto. Hapa niliungua. Nikiwa mgeni kama nyinyi, nilikwenda kwa mama mmoja Likoni, muuza mahamri. Mtaani ilijulikana kwamba kijana anayemlea ni wa marehemu dadake, na yeye hakumsahihisha mtu. Nikafika asubuhi, wateja wamejaa, fulana yangu imeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa: WATOTO WALIO HATARINI. Nikafungua orodha. "Mama, yule mtoto uliyepewa na serikali yupo?" Yupo! Alikuwa nyuma yake anafunga mahamri kwenye gazeti. Mikono ikasimama. Mteja mmoja akaguna, "Kumbe!" Mama hakunitukana. Alinimiminia chai, akangoja watu waishe, ndipo akasema, "Mwanangu, umetuvua nguo barazani." Wiki haikuisha, watoto wa mtaa wakawa wanamwita Wa Serikali. Kwenye kikundi kijana hakutia mguu. Nilirudi kuomba radhi. Mama akanikaribisha, kijana akatoka kwa mlango wa uani. Hadi leo sijui kama mtu mwingine alipata kumfikia.

3. Kwa hiyo msiwatenge walio kwa walezi. Fungueni kikundi kwa watoto wote wa mtaa, nao waingie humo kama wenzao. Wa kafala, yaani wanaolelewa kwa utaratibu wa Kiislamu, pia waalikeni. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua, ila msiende kwa wazee wanaowalea mkaiita malezi ya kambo, mtatolewa na bakora.

4. Saa ya madrasa si yenu. Kuna mwenzenu alipanga kikao saa kumi jioni, akakaa na viti vyake.

5. Feri ya Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, matatu si bure: wapeni nauli.

6. Msiahidi siri. Mwambieni mapema kwamba akisema anaumizwa, lazima umwambie afisa. Na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, aijue kwa kichwa.

7. Mkiondoka, ageni. Hawa wameachwa bila kwaheri mara nyingi mno, na nyinyi mkataba ukiisha mnayeyuka, mnabaki kupakia picha za semina Nairobi.

Jumamosi ijayo tuko Likoni. Atakayekuja na fulana ya mradi aivue huku upande wa kisiwani, kabla ya kupanda feri.