Sungura anapozaa Dar: mambo ya kujua kabla hujapandisha

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikiwa imekolea, napata simu za aina mbili kutoka kwa wafugaji wapya wa hapa mjini. Mmoja anasema amepandisha majike wote na hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Mwingine anasema sungura wake alizaa vizuri, lakini watoto wamekufa wote ndani ya siku tatu. Kabla sijauliza kitu kingine, huwa nauliza banda limeezekwa kwa nini, na mara nyingi jibu ni bati tupu, halina dari wala kivuli.

Ndugu yangu unayeanza, hapo ndipo pa kuanzia. Sungura hatoi jasho. Joto la mwili wake hupungua kwa masikio na kwa kuhema. Dume akikaa siku mfululizo kwenye joto linalozidi nyuzi 30, mbegu zake hudhoofika, na hata hali ya hewa ikipoa anahitaji karibu miezi miwili hadi mbegu mpya zikomae. Kwa hiyo ukiwa na kizimba kimoja tu chenye ubaridi mzuri, mpe dume. Weka makuti juu ya bati au dari chini yake, acha upepo upite pande zote, na mchana wa jua kali gandisha maji kwenye chupa ya lita moja na nusu umuwekee aegemee. Kupandisha kufanyike alfajiri au usiku.

Jike wa aina ya New Zealand au California huwa tayari akiwa na miezi mitano hadi sita, ilimradi amejaa mwili. Wa aina kubwa ya Flemish huchelewa, msubiri afike miezi minane au zaidi. Sungura hana siku maalumu za joto, yaani za kutaka dume, kama ng'ombe. Yai hushuka baada ya kupandwa, kama saa kumi hivi baadaye. Hata hivyo mwangalie sehemu za uzazi: zikiwa nyekundu na zimevimba kidogo atakubali, zikiwa nyeupe atakimbia tu. Mpeleke jike kwa dume, usimpeleke dume kwa jike, kwa sababu jike hulinda kizimba chake na anaweza kumjeruhi mgeni. Simama uangalie. Dume akimaliza huanguka ubavuni, wakati mwingine kwa mguno. Mtoe jike, mrudishe tena baada ya saa kadhaa, kisha andika tarehe kwenye kadi ya kizimba. Nasisitiza kadi, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinahesabiwa kutoka tarehe hiyo.

Kati ya siku ya 10 na ya 14 unaweza kumpapasa tumbo taratibu. Mimba utaisikia kama gololi ndogo zinazoteleza vidoleni. Usibonyeze kwa nguvu, na kama hujafundishwa na mtu anayejua, mwache. Jike anayenyonyoa manyoya yake ya kutandika kiota mapema, kwenye siku ya 16 au 18, mara nyingi ana mimba ya uongo, mpandishe upya.

Mimba halisi huchukua siku 31 hivi. Sanduku la kuzalia liingie siku ya 28. Ukiliweka mapema mno atalifanya choo. Liwe la mbao, urefu sentimita 40 na upana 30, na sakafu yake iwe na matundu ya kupitisha mkojo. Tandika maranda makavu ya fundi seremala, na juu yake nyasi kavu. Kwa hali ya hewa yetu usijaze sana, na usitumie ndoo ya plastiki, maana hutunza unyevu na joto. Siku hizo hakikisha maji hayakatiki kizimbani, usiku na mchana. Jike mwenye kiu kali wakati wa kuzaa anaweza kula watoto wake, kwa hiyo kama mtaa wenu una mgao, weka akiba ya sungura kando na ya nyumba.

Huzaa usiku au alfajiri, tena kwa muda mfupi. Asubuhi mpe mama majani anayoyapenda akae pembeni, jisugue mikono kwa nyasi za kizimba chake, kisha fungua kiota. Wengi wameambiwa wasiguse watoto kwa sababu mama atawakataa. Sungura wa kufugwa aliyekuzoea hawakatai, na kutokagua kunaua watoto wengi kuliko kugusa. Toa waliokufa na mabaki ya kondo, kisha hesabu walio hai.

Sasa jambo linalowatesa wageni kuliko yote: mama halali na watoto wake. Hukaa mbali nao siku nzima, na mtu anaona wametelekezwa, anaanza kuwamiminia maziwa ya ng'ombe mdomoni. Tafadhali usifanye hivyo. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mara mbili, dakika tatu hadi tano tu, na mara nyingi gizani ambapo humuoni. Angalia matumbo. Tumbo la mviringo lililotuna ni la aliyeshiba. Ngozi yenye mikunjo ni ya mwenye njaa. Wakiwa na njaa wote, mshike mama taratibu juu ya kiota wanyonye, asubuhi na jioni. Akiwa na njaa mmoja mmoja, pengine watoto ni wengi kuliko chuchu, ambazo kwa kawaida ni nane. Ndiyo maana nashauri kupandisha majike wawili au watatu siku moja: unampa mwenye watoto wachache wale waliozidi kwa mwenzake, ndani ya siku tatu za mwanzo, ukiwachanganya kwenye manyoya ya kiota chake.

Mtoto uliyemkuta nje ya kiota akiwa baridi, usimtupe. Mpashe moto kiganjani au karibu na chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa; wengi huamka. Mchana wa joto tatizo hugeuka. Ukikuta watoto wametawanyika, wamelala chali na ngozi imeiva wekundu, punguza manyoya uyahifadhi makavu, uyarudishe usiku mvua ikinyesha.

Siafu huweza kumaliza kiota kizima usiku mmoja. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye oili chafu, na wavu uwe wa nusu inchi ili panya asipenye.

Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12. Jicho likibaki limefungwa na usaha, lisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Wiki ya tatu wanaanza kutafuna, na hapo kuhara huingia, hasa kwa sababu ya uchafu na majani mabichi yenye maji. Matembele na majani ya sokoni yanyaushe kwanza kivulini. Akihara mwite daktari wa mifugo, na kamwe usimpe dawa za binadamu ulizonazo ndani: amoksilini ya kumeza huua bakteria wa tumboni mwake wanaosaga chakula, na yeye mwenyewe hufa.

Wiki ya tano au ya sita wanaacha kunyonya. Mtoe mama, watoto wabaki kwenye kizimba walichokizoea. Wakifika miezi mitatu tenganisha dume na jike. Dume wa mbegu usimchague kati ya ndugu hao. Kama uko Kigamboni, mtafute kwa mfugaji wa Goba au Chanika, muombe mfugaji akuonyeshe na kadi ya mama wa dume huyo, kisha mtenge dume wiki mbili kabla hajakaribia majike wako.