Mzee anaposema "dhabihu" na kapuni mna noti

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kanisani kwetu mzee anayepokea kapu la sadaka huomba hivi kila Jumapili: "Bwana, tunaleta dhabihu zetu madhabahuni pako." Vijana wa kwaya wanadai anakosea, kwa sababu dhabihu ni mnyama wa kuchinjwa, na noti haichinjwi. Wengine wanasema ni neno la kizamani tu, maana yake sadaka. Tushike lipi?

Jibu: Marahaba. Vijana wako wamelijua vizuri shina la neno. Dhabihu imetoka katika Kiarabu, na shina lake ni kuchinja. Madhabahu nayo imezaliwa humo humo: ni mahali pa kuchinjia. Ile ma- ya mwanzo si ya wingi kama katika maduka au mashamba, bali ni ya mahali, ndiyo ile tunayoikuta katika maktaba, mahakama na madrasa. Kwa hiyo mtu asitafute "dhabahu" moja. Tena, tunapoiita meza iliyotandikwa kitambaa cheupe na kuwekewa maua madhabahu, tunatumia neno la machinjioni, na hakuna kijana anayelalamika.

Sadaka ni pana zaidi. Ifungue Biblia ya Union ya mwaka 1952, kitabu cha Walawi. Sura ya 1 ina sadaka ya kuteketezwa, ambapo ng'ombe anachinjwa. Sura ya 2 ina sadaka ya unga, isiyo na tone la damu. Zote ni sadaka. Basi kila dhabihu ni sadaka, lakini si kila sadaka ni dhabihu. Hata kuku anayeletwa mzima ibadani, kisha akapigwa mnada nje pamoja na mayai na mkungu wa ndizi, ni sadaka. Hakuna anayemchinja mbele za Mungu. Anakwenda kuliwa nyumbani kwa mnunuzi.

Kama hoja ingeishia hapo, vijana wangeshinda. Lakini shina la neno halifungi maana yake milele. Warumi 12:1 inatuambia tuitoe miili yetu iwe "dhabihu iliyo hai". Waebrania 13:15 inataja "dhabihu ya sifa", yaani maneno ya kinywa, na aya inayofuata inaita matendo mema "sadaka". Katika Kigiriki aya zote mbili zina neno moja. Wafasiri wenyewe walipokezana dhabihu na sadaka, nami sioni kwa nini mzee wenu akatazwe. Anaposema dhabihu juu ya kapu, anamaanisha kwamba kilichotolewa kimemgharimu mtoaji. Mama aliyetoa nauli yake akarudi nyumbani kwa miguu anamwelewa. Neno sadaka limezoeleka mno, na siku hizi watu wengi wakilisikia wanawaza sarafu iliyobaki mfukoni. Katika sala, mwacheni mzee na neno lake.

Kwenye daftari la mhazini ni habari nyingine. Huko andikeni sadaka, au matoleo. Binafsi napenda sana matoleo, kwa kuwa limekua katika udongo wetu: toa, tolea, toleo. Wakatoliki wana vipaji, vile vinavyopelekwa altareni kwa maandamano, na shina lake ni -pa, kumpa mtu kitu. Zaka, au fungu la kumi, iandikiwe safu yake, kwani hiyo ina kipimo. Malimbuko pia yasichanganywe: kulimbuka ni kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza, kwa hiyo gunia la mahindi ya msimu uliopita haliwezi kuwa malimbuko hata likijaa pomoni.

Kafara liepukeni kabisa katika matangazo. Kwa Kiswahili cha leo mtu anayetoa kafara anaondoa nuksi au balaa, na mgeni akilisikia kanisani atashtuka.

Nimalizie na matamshi, maana barua yako ya kwanza ilikuwa na "madhehebu ya Bwana" pale ulipokusudia madhabahu. Madhehebu ni Walutheri, Waanglikana, Wasabato na wenzao. Madhabahu ni pale mbele anaposimama mchungaji. Na dhabihu itamkwe kwa dh, ncha ya ulimi ikigusa meno, kama katika dhambi na dhahabu. Wengi wa bara husema "zabihu". Anayesoma neno mbele ya watu afanye mazoezi nyumbani kabla ya Jumapili.