Tremors baada ya ile ya kwanza: zipi uangalie, na ikianzishwa upya ianzie wapi

Mkuu, umesema umemaliza filamu ya Tremors ya 1990 na vijana wako, mkaipenda, halafu ukagundua kuna nyingine sita pamoja na tamthilia ya runinga. Unauliza muendelee au muishie hapo, na kama kuna maana yoyote watu kuililia ianzishwe upya. Jibu la haraka: ya pili iangalieni leo hii, ya tatu msiikose, ya nne mkipata nafasi, na kuanzia ya tano muingie mkijua mnakutana na kitu kingine. Sasa niruhusu nieleze, maana hizi filamu nazipenda kwa dhati na naona watu wanazipima kwa mizani isiyo yake.

Wengi wanauliza kwanza, "Kevin Bacon yumo?" Hayumo. Bacon, yule Val, aliondoka baada ya ile ya kwanza, na Fred Ward, yule Earl rafiki yake, akabaki kwa moja tu zaidi. Wengine wanalalamikia ubora wa picha za kompyuta. Hayo yote sawa, lakini mimi swali langu ni moja: huyu mnyama ana kanuni zinazoeleweka, na je, wahusika wanazigundua mbele ya macho yangu? Filamu ya dude la kutisha inayochekesha haichekeshi kwa sababu dude limevaa sura ya kuchekesha. Inachekesha kwa sababu watu wa kawaida, wenye ubishi wao na uvivu wao, wanalazimika kubishana kuhusu namna ya kumshinda mnyama huku mnyama mwenyewe yuko chini ya miguu yao.

Graboid wa kwanza, yule mnyoo mkubwa anayepita chini ya ardhi, kanuni zake unaweza kumweleza mtoto wa miaka sita. Haoni. Anafuata mtikisiko wa ardhi. Mwamba hauwezi. Basi. S. S. Wilson, aliyeiandika pamoja na Brent Maddock, amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia akiwa jangwani California enzi anafanya kazi kwa jeshi la maji la Marekani: amekaa juu ya jiwe, akawaza, ingekuwaje kama chini ya mchanga kuna kitu na siwezi kushuka hapa? Filamu nzima ni hilo wazo moja limenyooshwa vizuri. Mji wa Perfection, Nevada, wenye watu 14 kwenye kibao chao, unageuka kisiwa kisicho na maji. Na ukiangalia vizuri, kila Graboid kati ya wale wanne anakufa kwa njia yake. Wa kwanza anajibamiza kwenye ukuta wa zege wa mfereji. Wa pili anapasua ukuta wa chumba cha chini cha Burt Gummer na mkewe Heather, wapenda silaha wa mji ule, akakuta ukuta wa pili umejaa bunduki. Wa tatu anameza bomu. Wa nne keshajifunza, bomu analitema, kwa hiyo Val inabidi amtishe kwa mlipuko nyuma yake mpaka akimbie moja kwa moja na kutokeza hewani kwenye ukingo wa genge. Mnyama anajifunza, watu wanajifunza. Hakuna anayepewa ushindi wa bure.

Nitakwambia kwa nini nina uhakika na kipimo hiki. Nimekulia kwenye banda la video la baba mdogo, Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kukusanya viingilio mlangoni na kubadilisha mikanda. Wateja wengi walikuwa wauza samaki na makondakta, Kiingereza hakuna, na mkanda wetu wa Tremors haukuwa na sauti ya mkalimani. Ilipofika pale Val, Earl na mwenzao Rhonda wamekwama juu ya majabali, wakaanza kuruka kutoka jabali moja hadi jingine kwa kuchomeka miti mirefu mchangani, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Sakafu ya banda ilikuwa ya udongo. Nilichungulia kutoka mlangoni nikaona benchi la mbele lote wamepandisha miguu juu, watu wazima na ndevu zao, wanapiga kelele, "Asikanyage chini huyo! Asikanyage!" Banda lile lilikuwa mtihani mkali kuliko mchambuzi yeyote. Picha ikitegemea maneno, watu walianza kupiga soga. Ikitegemea kanuni unayoiona kwa macho, hata wa nje walichungulia kwenye nyufa za mabati.

Haya, Tremors 2: Aftershocks ya 1996. Hapa ndipo watu wanakosea kuidharau kwa sababu ilitoka moja kwa moja kwenye kanda bila kupita majumba ya sinema. Wilson safari hii aliongoza mwenyewe, na uamuzi wake ulikuwa wa akili sana. Earl na mwenzake kijana wanaanza kwenye eneo la visima vya mafuta Mexico wakiwaua Graboid kirahisi kabisa, kwa vigari vidogo vya mwanasesere vilivyofungwa baruti, na wanalipwa kwa kila mmoja. Wanajua kanuni zote. Wewe mtazamaji pia unajua kanuni zote. Halafu Graboid anapasuka na kutoa wanyama wadogo wanaotembea kwa miguu, wale Shrieker, na kila ulichokijua kinakugeuka. Hawa hawasikii kabisa. Wanafuata joto. Na kila wanapokula, wanazaana hapo hapo.

Ona vichekesho vinavyozaliwa hapo. Burt Gummer anampiga Shrieker risasi kwa bunduki kubwa aliyoileta kwa fahari, risasi inamtoboa mnyama, inatoboa ukuta, inasafiri mpaka inaua injini ya gari ambalo ndilo lilikuwa tumaini lao la kuondoka. Mtu hajafanya uzembe wowote. Amefanya kile anachokijua kuliko wote, na ndicho kilichowakwamisha. Baadaye Earl anajipulizia kizimamoto cha gesi baridi mwili mzima ili joto lake lisionekane, anapita katikati ya Shrieker akitetemeka. Unacheka na roho iko mkononi. Bila Bacon, kwa fedha kidogo kuliko ya kwanza, na bado ni mwendelezo bora kuliko mingi iliyopita kwenye majumba makubwa.

Ya tatu, Tremors 3: Back to Perfection ya 2001, Maddock aliongoza. Wengi wanaitaja kwa sababu ya wale wanyama wanaoruka kwa kuwasha moto nyuma yao, na ni kweli picha za kompyuta zimechakaa. Lakini ina tukio moja ninaloliweka juu kuliko karibu kila kitu kwenye mfululizo huu. Burt amejenga nyumba yake kama ngome, zege kila upande, chakula cha miaka, silaha. Mmoja wa wale warukao anaingia ndani penye akiba ya chakula. Burt anakumbuka kanuni ya Mexico: wakila, wanazaana. Kwa hiyo analipua nyumba yake yote, kazi ya maisha yake. Kisha anaambiwa kwenye redio kwamba hawa wapya wakishiba wanalala fofofo. Ukiwa umeangalia ya pili, tukio hilo linakuchoma na kukuvunja mbavu kwa pamoja. Ukiiruka ya pili, ni mlipuko tu kama milipuko mingine. Ndiyo maana nasisitiza mfuate mpangilio.

Tamthilia ya 2003 ilikuwa na vipindi 13 kwenye Sci-Fi Channel, na haikurushwa kwa mpangilio uliokusudiwa. Ina El Blanco, yule Graboid mweupe asiyezaa, ambaye mji unaishi naye kama jirani mkorofi. Wazo zuri mno. Utekelezaji wa kubahatisha.

Ya nne, ya 2004, inarudi nyuma hadi 1889, na Michael Gross, anayecheza Burt siku zote, hapa anacheza baba wa babu yake Burt: tajiri wa mjini, mmiliki wa mgodi wa fedha, hajawahi kushika bunduki. Taratibu, haina haraka, na mwanangu aliichoka. Mimi naipenda kwa ajili ya Gross. Huyu ndiye aliyekuwa yule baba mpole wa tamthilia ya Family Ties, na hapa anamvua Burt kila kitu, ubabe, silaha, ujuzi, ili umwone mtu anayeanza kujifunza kutoka sifuri. Ndicho kitu kile kile: mtu na mnyama asiyemjua.

Sasa kuanzia ya tano, Tremors 5: Bloodlines ya 2015, waasisi hawamo tena. Mwongozaji ni Don Michael Paul, naye akaendelea na ya sita (2018) na ya saba (2020). Ya tano hadithi yake iko Afrika Kusini na ilipigwa huko huko. Nakiri nilifurahi sana niliposikia. Nilitamani kuona mnyama huyu kwenye ardhi yetu, kwa watu wanaoijua ardhi yao. Na Pearl Thusi kama Nandi, mama mwenye upinde na mishale anayemtafuta na kumlinda binti yake, ndiye kitu bora humo. Kila akitokea, filamu inapata uzito. Lakini kamera haikai naye. Muda mwingi unaliwa na mabishano ya Burt na kijana anayekuja kujulikana kuwa ni mwanawe, yule wa Jamie Kennedy.

Shida kubwa zaidi ni mnyama. Graboid wa Afrika anaruka juu kabisa ya ardhi kama nyangumi, ndimi zake zinachomoka na kutembea zenyewe. Inapendeza kwa trela. Ila jabali halikusaidii tena, kutulia hakukusaidii sana, na ukishamwondolea mtazamaji mahali pa usalama, unamwondolea pia hesabu ya kupiga kichwani. Banda la baba mdogo lilikuwa limeshafungwa kitambo, lakini niliiangalia sebuleni na vijana wa nyumbani, na hakuna aliyepandisha miguu kwenye kochi. Walishika simu.

Ya sita ni Nunavut, Kanada, ingawa ilipigwa Afrika Kusini. Ina uzi mmoja mzuri: Burt anaumwa kutokana na kuwahi kumezwa na Graboid kwenye ya tatu, na tiba iko ndani ya Graboid aliye hai. Hapo mtu aliyeishi kwa kuua analazimika kukamata bila kuua. Hiyo ni kanuni mpya safi, natamani wangeikazania mwanzo mpaka mwisho. Ya saba iko kisiwani, matajiri wanafuga wanyama ili wawawinde. Mabandani tulikuwa tunasema steringi hafi. Basi ya saba inathubutu: Burt anajitoa kafara. Hata kama filamu yenyewe inayumba, Gross anaibeba dakika zile za mwisho kwa heshima yote, na baada ya kuwa mtu pekee aliyemo kwenye filamu zote saba na tamthilia, alistahili kuagwa.

Kwa hiyo kuianzisha upya? Mimi niko upande wa wanaotaka, kwa masharti. Naona hatari kubwa si kubadilisha waigizaji. Hatari ni kuanza na Burt mpya, jamaa wa bunduki mwenye maneno makali, halafu kumjengea filamu pembeni yake. Kwenye ile ya kwanza Burt alikuwa jirani mmoja kati ya wengi: kuna Walter Chang na duka lake, kuna Val na Earl wanaozibua na kurekebisha kila kitu mjini na kuota kuondoka, kuna Rhonda mwanafunzi wa mitetemeko ya ardhi anayehesabu kile wengine wanachokisia. Kila mmoja ana kipande cha jibu. Ukikifuta kijiji, unabaki na mzee anayefoka na mnyama.

Kulikuwa na jaribio nililolipenda sana. Kati ya 2017 na 2018 Syfy, ile ile Sci-Fi Channel kwa jina jipya, walitengeneza kipindi cha majaribio cha tamthilia mpya, Bacon amerudi kama Val, mwongozaji Vincenzo Natali, mnyama amerudi Perfection. Hawakuendelea nacho. Trela yake ilionekana, na humo unamwona Val aliyezeeka katika mji ule ule aliokuwa kila siku anasema atauhama. Hiyo ni njia sahihi ya kurudi: mahali pale pale, watu waliobadilika, na mnyama ambaye wao wanadhani wanamjua. Mwandishi akimpa Graboid mpya badiliko moja tu, moja ambalo vijana wako wataligundua sekunde chache kabla ya Val, nitalipa kiingilio siku ya kwanza.

Kwa vijana wako: ya pili ina kuchafuka kwingi, damu ya rangi ya chungwa kila mahali, lakini kama walistahimili kile kichwa cha mzee Fred, yule mfugaji wa kwenye ya kwanza, kwenye kofia, hii haitawasumbua. Na kama kuna mdau anayejua tamthilia ya 2003 inapatikana wapi kihalali ikiwa imepangwa ilivyokusudiwa, aweke hapa, nami naitafuta.